Nimeuziwa programu ya kadi ya flopi isiyoweza hata kupakia kwenye XT, na sasa naambiwa kosa ni la kompyuta yangu

Wadau, hasira niliyo nayo sitaificha. Wiki tatu zimepita tangu nitume shilingi 6,500 kwa M-Pesa kununua kadi ya flopi (ile inayounganisha draivu ya disketi na kompyuta) pamoja na programu yake, katika duka moja hapa katikati ya jiji, na mpaka leo kadi hiyo haijasoma wala kuandika disketi hata moja kwenye mashine niliyoinunulia. Duka silitaji kwa jina. Nataka kwanza mjue nilichofanyiwa.

Mashine ni IBM PC XT, ile yenye prosesa ya 8088 ya megahezi 4.77 na diski ngumu ya MB 20. Ilikuwa ya mama. Alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kule Kaloleni, na humo ndimo alimochapa michango, mikopo na orodha za waliofiwa kuanzia 1988 hadi 1995. Kuna majina humo ya watu ambao watoto wao hawana kumbukumbu nyingine yoyote ya mama zao. Na diski ngumu imeanza kulia ikiwashwa, sauti kama ya kijiko kikikwaruza sufuria. Nataka kuyatoa mafaili kabla haijakufa.

Shida ni kwamba XT ilitoka 1983 ikijua disketi za inchi 5.25 za KB 360 tu. Kadi yake ya flopi hupitisha biti 250,000 kwa sekunde, basi, haina mwendo mwingine. Disketi ya inchi 3.5 ya MB 1.44 inataka 500,000. Ndiyo maana nikatafuta kadi yenye miendo yote miwili, ili niandike kwenye 1.44 kisha nisome kwenye laptopu kwa draivu ya USB. Na kadi peke yake haitoshi: BIOS ya XT, yaani programu iliyo ndani ya chipu zake tangu kiwandani, haijawahi kusikia habari za 1.44, haijui kama kila mzunguko una sekta 18. Lazima iwepo programu ya kushika interapti ya 13h (mlango ambao programu huombea kazi za diski), iiambie kadi ibadilishe mwendo kupitia poti ya 3F7, na ihesabu sekta sawasawa. Kwa hiyo programu ndiyo niliyokuwa nanunua hasa. Nilimweleza muuzaji haya yote. Nikamwuliza kwa meseji, na meseji ninayo: "Inafanya kazi na XT?" Akajibu: "Ndio mkubwa, XT, AT, zote."

Nilipofika nyumbani nikafungua mfuko. Pembeni mwa kadi kuna soketi ya ROM yenye mashimo 28, tupu kabisa, ina vumbi. Mahali pa chipu ambayo ingeifundisha XT tangu inapowaka. Nikapiga simu, nikaambiwa "hiyo haihitajiki, tumia draiva ya kwenye disketi." Sawa. Draiva, yaani ile programu ya kuendesha kadi, ilikuwa kwenye disketi ya 360, nikainakili, nikaiandika ndani ya CONFIG.SYS, faili la maagizo ambalo mashine husoma inapowaka, nikawasha upya.

XT ikaganda. Kistari kinapepesa pembeni juu, hakuna neno hata moja kwenye skrini. Nikazima, nikawasha tena, vilevile. Nikabadilisha sloti. Nikahamisha DMA na IRQ (njia ambazo kadi hupitishia data na kuiita prosesa) kwenye jampa, vile vipini vidogo vya kuchagulia, ingawa nilijua flopi hutumia IRQ 6 na DMA 2 na sikuwa na sababu ya kuzigusa. Siku nne jamani, natoka kazini, napanda matatu, nafika, nakaa mbele ya mashine mpaka saa saba usiku.

Mwishowe nikaipakia ile draiva ndani ya DEBUG, ile programu ya kuchungulia amri za programu nyingine inayokuja na DOS, mfumo unaoiendesha XT, nikaanza kuisoma amri moja moja. Pale inapoanza kazi yake, DEBUG ikanionyesha hivi:

DB 60

Na kule mwisho, kabla ya kurudi:

DB 61

Wanaojua wameshaelewa. DEBUG huandika DB pale inapokutana na namba isiyoitambua kama amri ya 8088. 60 ni amri ya kuhifadhi rejista zote (vihifadhi vya ndani ya prosesa) kwa mkupuo, na 61 ya kuzirudisha. 8088 haina amri hizo, zilikuja na chipu za baadaye. Na 8088 haina namna ya kulalamika ikipewa amri isiyoijua. Ikiona 60 huichukua kama 70, yaani "ruka ikiwa hesabu imefurika", inameza na baiti inayofuata, na kuanzia hapo kila kitu kinasomwa upogo. Ndiyo maana iliganda bila kusema lolote. Programu hii haikuwahi kujaribiwa kwenye XT hata mara moja. Dakika tano zingetosha.

Ngojeni, kuna lililoniudhi zaidi ya hilo. Nikaipeleka kadi Umoja kwa rafiki yangu mwenye 386, na huko draiva ikapakia. Tukafunga draivu ya 5.25, tukaweka disketi moja ya mama, tukachagua "jaribu draivu" kwenye menyu. Ikajibu kwamba disketi imezuiwa kuandikwa. Nikashtuka mpaka nikasimama. Nani kaiambia iandike? Sikuulizwa kitu! Kilichookoa hesabu za 1991 ni kikaratasi cha fedha ambacho mama mwenyewe alikibandika kwenye ule mkato wa pembeni miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Anayeandika programu ya kujaribu draivu na kuiacha ichape juu ya disketi ya mtu bila kuuliza hana heshima kwa mali ya watu. Mwenye kadi hii, usiguse hiyo menyu ukiwa na disketi ya maana ndani.

Nilirudi dukani. Yule kijana hakuangalia hata karatasi niliyochapisha ya yale ya DEBUG. Akasema, "Mzee, mashine yako imezeeka, nunua nyingine." Pesa hairudi, programu ikishafunguliwa ndiyo basi. Kijana, uzee wa mashine ndio uliokuja kununuliwa kadi! Na sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Cap 31, iko wazi: mnunuzi akikueleza kazi anayoitakia bidhaa na kukutegemea wewe unayeijua, bidhaa iifae kazi hiyo. Mahakama ya madai madogo ya Milimani husikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja. Yangu ni 6,500 na nauli, na nitakwenda.

Kwa walio na XT kama mimi, Sergey Kiselev, mtengenezaji wa vifaa vya kompyuta za zamani, ametoa bure BIOS ya nyongeza ya flopi, na inaiendesha XT, ila unahitaji mtu wa kukuandikia chipu. Mimi kwa sasa nimetoa draivu ya inchi 3.5 kwenye Pentium mbovu, nikaiungia kebo na kuifunga kwenye kadi ileile ya asili ya XT, kisha nikaweka mstari huu kwenye CONFIG.SYS:

DEVICE=DRIVER.SYS /D:1 /F:2

DRIVER.SYS ilikuja na DOS 3.30 yangu, sikuilipia hata senti. Inaifanya XT iandike disketi za KB 720, kwa mwendo uleule wa biti 250,000, na draivu yangu ya USB inazisoma. Tafuteni disketi za 720 halisi, msizibe tundu la pembeni la disketi ya 1.44 kwa utepe ili ijifanye 720, sumaku yake ni tofauti na data haikai. Nina disketi mbili tu za kuazimwa, kwa hiyo naenda polepole: 1988 na 1989 zimeshatoka salama.

Aliyeuziwa kadi yenye soketi tupu ya ROM na draiva yenye DB 60 aandike hapa chini, na kama ana risiti aseme. Jumatatu asubuhi narudi pale dukani na kadi, meseji na ile karatasi ya DEBUG.