Katikati ya shimo jeusi, densiti ni ngapi?

Mwalimu_wa_Usiku:
Wakuu, nafundisha fizikia kidato cha sita. Leo tulikuwa kwenye mvutano, maongezi yakafika mashimo meusi. Binti mmoja akauliza: "Kama katikati ujazo ni sifuri, densiti inakuwa ngapi?" Nikajibu haina kikomo. Akasema, "Basi hesabu imeharibika, mwalimu." Nimebeba sentensi hiyo hadi nyumbani, maana naamini yuko sahihi. Nadharia za mvutano wa kwanta (zinazojaribu kuunganisha mvutano na fizikia ya vitu vidogo kabisa) zinaitengenezaje hesabu hiyo? Jumatatu anasubiri jibu.

Nyota_ya_Alfajiri:
Shikamoo mwalimu. Mtenganishie mambo mawili kwanza. Kwenye ukingo wa shimo, mlinganyo wa Schwarzschild wa 1916, unaoeleza mvutano wa shimo, nao unalipuka (unatoa namba isiyo na kikomo), ila ukibadilisha majiranukta, yaani namba za kutaja mahali na wakati, tatizo linayeyuka. Katikati haliyeyuki. Tena mwanahisabati Penrose, mwaka 1965, hakuzungumzia densiti: alithibitisha kwamba mwanga ukishanaswa, iko njia ya mwanga inayokatika, isiyo na pa kuendelea. Kwangu hilo linatisha kuliko densiti yoyote.

Halafu mkumbushe atomu ya haidrojeni. Kwa fizikia ya zamani elektroni ingepoteza nishati hadi izame kwenye kiini. Kwanta ikaweka ngazi ya chini kabisa, haizami. Nadharia ya vitanzi, mojawapo ya hizo za mvutano wa kwanta, inafanya hivyo kwa anga lenyewe: eneo lina kipande kidogo kabisa, chini yake hakuna. Wanafizikia Ashtekar, Pawlowski na Singh walipiga hesabu hiyo mwaka 2006 kwa ulimwengu mzima. Ukiurudisha nyuma kwa wakati, densiti ikifika kama 41% ya ile ya Planck (kipimo cha densiti cha kwanta, takriban kilo 5×10⁹⁶ kwa mita moja ya ujazo), ulimwengu unadunda badala ya kuzama. Lakini walichukua ulimwengu sare pande zote. Shimo jeusi halisi ni gumu zaidi.

Fundi_Nyuzi:
Wa nadharia ya nyuzi, inayosema vitu vyote vimeundwa na nyuzi ndogo mno, wana njia nyingine. Mwanafizikia Mathur anasema hakuna katikati ya kuzama: nyuzi zimetanda hadi pale tunapodhani ni ukingo. Mwambie binti pia kwamba hakuna kipimo kilichothibitisha hata moja kati ya hizi.

Mwalimu_wa_Usiku:
Marahaba, na asanteni sana. Haidrojeni tumeimaliza wiki iliyopita, bado ina joto vichwani mwao. Nitamwita yeye ubaoni aichore elektroni ikizama, kisha nimuulize nini kiliizuia.