Nalipia mechi ya moja kwa moja, lakini goli nalisikia kwanza kwa jirani

Ndugu wanajukwaa,

Naishi Donholm, ghorofa ya nne, na nimefungiwa faiba ya megabiti 20 kwa sekunde. Huu ni mwezi wa tatu nalipia huduma ya kutazama mpira kwenye intaneti, ambayo sitaitaja jina, na sijaona goli hata moja kabla ya jirani wa chini, mwenye king'amuzi na antena ya kawaida, kulishangilia. Jumapili nilishika saa: sekunde 41.

Nikipiga simu kwa huduma kwa wateja, jibu ni lilelile: "Zima ruta uiwashe tena, bosi." Nimeizima na kuiwasha mpaka swichi imelegea.

Jibu hilo linaniudhi kuliko kuchelewa kwenyewe. Video za namna hii hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kikaandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora, kisha programu ya mtazamaji ikachagua kinacholingana na kasi iliyopo. Apple ilipotoa HLS, mfumo wake wa kurusha video kwa vipande hivyo, mwaka 2009 ilipendekeza vipande vya sekunde 10, na kwa kuwa programu kwa kawaida hujiwekea akiba ya vipande vitatu hivi, nusu dakika hupotea hata kabla ya kuhesabu muda wa kuibana picha. Mwaka 2016 pendekezo lilishuka hadi sekunde 6, na mwaka 2019 kampuni hiyo ikatangaza njia ya kutuma kipande kidogo kidogo kabla hakijakamilika. Dawa ipo, tena si ya jana.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta alifungua kivinjari tukaanza kuhesabu: kila kipande, sekunde 10! Ngazi yao ya ubora nayo haina vipandio vya katikati, kwa hiyo kasi ikiyumba kidogo tu picha huanguka kutoka 1080 hadi 240, mpira ukapotelea kwenye nyasi na wachezaji wakabaki madoa yanayokimbizana. Juu ya hayo, vipande hivyo vinatoka kwenye seva iliyoko Frankfurt, ilhali hapa Nairobi tuna KIXP, kituo ambako kampuni za intaneti zimekuwa zikibadilishana data kwa zaidi ya miaka 20, na wenye huduma nyingine za video huweka nakala zao humu nchini. Ndiyo maana huduma hizo hazigandi kwangu, kwa faiba ileile na ruta ileile ninayoambiwa niizime.

Nimewaandikia barua pepe mbili zenye vipimo vyote hivi. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa tangazo la kifurushi cha bei ya juu zaidi.

Sasa nadai ada yangu ya miezi mitatu. Aliyewahi kurudishiwa pesa na watu wa aina hii anieleze alipitia mlango gani.