Singeli mmeigawana kama nyama, halafu mnakuja kugombana humu nani kabaki na ya kweli

Wakuu habari zenu. Nimevumilia sana ila leo nimeshindwa, wacha niandike tu, atakayekasirika akasirike.

Wiki nzima hii nikiingia humu nakuta ugomvi ule ule kuhusu singeli, huu muziki wetu wa mbio wa mitaa ya Dar. Kundi la kwanza linasema singeli ya sa hivi ndo imekomaa, imetulia, unaweza kuisikiliza hata umekaa na wazazi sebuleni. Kundi la pili linasema hiyo siyo singeli ni bongo fleva iliyochangamka tu, singeli yenyewe ni ile inayopigwa huko Ulaya kwenye matamasha, biti mia mbili na kitu kwa dakika, kijana kainamia laptopu anabonyeza hadi jasho linamtoka. Na mnatukanana kweli, mpaka wazazi wa watu wanaingizwa humo.

Mi nawaambia makundi yote mawili mnaniudhi sawasawa. Kwa sababu mnachogombania ni nusu nusu. Mmoja kachukua MC, yule anayeghani maneno juu ya biti, akaacha spidi, mwingine kachukua spidi akamwacha MC, afu kila mtu anainua kipande chake juu anasema hiki ndicho.

Nimekulia Manzese, Dar. Singeli ya kwanza kuisikia sikuisikia redioni wala kwenye simu, niliisikia kwa miguu, ardhi inatetemeka, maana kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya kukesha na muziki, kilikuwa kimefungwa nyumba ya tatu kutoka kwetu na mama alishanikataza kutoka. Nikatoka. Ilikuwa 2009, nipo darasa la sita. Turubai limekatisha njia, spika zimepandana zimefungwa kamba zisianguke, waya wa umeme umetoka dirishani kwa jirani, na Dj kakaa kwenye stuli ya plastiki, laptopu yake kibodi haina vitufe kama vitano hivi, kimebaki kile kimpira cha chini tu, anabonyeza humo humo.

Kwa wale waliokuja juzi ngoja niwaeleze kilichokuwa kinafanyika pale, maana naona mnabishana kitu ambacho hamjawahi kusimama mbele yake. Dj alikuwa anachukua taarabu, hizi taarabu za kisasa, ile sehemu ya mwisho ambapo mwimbaji keshanyamaza vimebaki vyombo tu vinachanganya. Anakata kipande kifupi hapo, sekunde chache, anakikimbiza mpaka kinanda kinalia sauti nyembamba kama filimbi, afu anakizungusha, kikiisha kinaanza upya, kikiisha kinaanza upya. Juu yake anaingia MC. Na MC wa kigodoro haimbi dakika tatu akaondoka, huyo anashika maiki nusu saa hajanyamaza. Anataja wenye shughuli, anamtaja shangazi mtu aliyetoa mchele, anamsema mwenye nyumba anayekata umeme saa nne, anaingia kwenye kisa cha demu aliyemla hela, anatoka hapo anaonya watu kuhusu ukimwi, anarudi kwa bibi harusi.

Sasa nilichokiona usiku ule, nikiwa nimesimama nyuma ya Dj kabisa hatua mbili tu, ndo hiki ambacho nyie wote hamkisemi. Wale watu wawili walikuwa wanaongea. MC akifika mwisho wa mstari wenye maneno makali, Dj anakigonga kile kitufe mara nne tano haraka, biti inakwama kwama pale pale, tatatata, watu wanapiga ukelele, afu anaachia na MC anaingia na kisa kipya. MC akiinua vidole viwili, Dj anaongeza spidi. Akikishusha kiganja chini, biti inakatika kabisa linabaki neno peke yake, afu biti inarudi na ngoma zote. Kuna wakati Dj alikwama kweli kabisa, laptopu iliganda, na yule MC hakuacha, aliendelea kughani bila biti huku watu wanampigia makofi ya spidi ile ile mpaka mashine ilipoamka. Hiyo ndiyo singeli wakuu. Biti inamsikiliza mtu na mtu anaisikiliza biti, na katikati yao kuna mama kajifunga kanga kiunoni anasubiri jina lake litajwe aende kutunza. Ukiondoa kimoja hapo kilichobaki kitafutieni jina lingine.

Na kabla hamjaanza na ile "mzee hutaki mabadiliko", sijakataa mabadiliko mimi. Singeli yenyewe ni mtoto wa mabadiliko. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, wengine mnauita mnanda, miaka ya tisini, vinanda vidogo vile vya Casio vimechomekwa kwenye spika zilizopasuka, ngoma, na mwimbaji. Jagwa Music, kundi la mchiriku, wapo tangu 1992. Wazee wa mchiriku nao walilalamika laptopu ilipoingia, walisema vijana wavivu hawapigi chombo, na walikuwa na hoja yao lakini biti za laptopu zikaenda mbele kwa sababu kazi ilibaki ile ile, mtu na biti, mbele ya watu wa mtaa. Tena 2012 Jagwa wakatoa albamu nje na kampuni ya Wabelgiji ya Crammed Discs, mkaisikilize, wameimba humo Kiswahili chao cha mtaani nyimbo ndefu wala hakuna aliyewaambia wafupishe maneno. Kumbe inawezekana.

Turudi kwenye hii nusu ya redio. Mi nilikuwa wa kwanza kufurahi. 2016 msanii wa singeli Man Fongo alipotoka na wimbo wa Hainaga Ushemeji nilikuwa natembea mtaani kifua mbele, daladala zote, bodaboda zote, maduka, muziki wetu ambao watu walikuwa wanauita wa wahuni na wavuta bangi unapigwa mchana kweupe. Msaga Sumu, msanii mwingine wa singeli, huyo ndo usiseme. Redio ya Efm waliipa singeli nafasi wakati wengine hawataki hata kuisikia, hilo nitawaheshimu nalo siku zote. Tatizo lilianza baada ya hapo, pale watu wenye pesa walipoona inalipa, ndo wakaanza kuinyoosha. Fupisha. Weka kiitikio. Toa majina ya watu. Punguza spidi.

Nina mtoto wa mjomba anatengeneza biti, ana miaka ishirini na mbili, hana kingine anachokijua duniani. Mwaka jana studio moja, sitaitaja, ikamwita, wanataka biti ya singeli kwa ajili ya msanii. Kawapelekea biti ya 210. Wakamwambia kali sana, shusha. Kashusha 180. Shusha. Mwisho wakamwambia acha faili tutashusha wenyewe, wakaivuta kwa programu mpaka 130. Sasa anayejua anajua, biti ya singeli kinachoifanya iwe vile siyo namba tu, ni kwamba sauti zenyewe zimekimbizwa, zikikimbizwa zinapanda, kinanda kinakuwa chembamba, ngoma inakuwa fupi kavu inagonga inaondoka. Ukiivuta irudi chini kwa programu ngoma zinalegea, kila pigo linaacha mkia, mapengo yanatokea kati ya pigo na pigo, inasikika kama mpira ulioisha upepo. Wakajaza yale mapengo kwa gitaa. Wimbo umetoka, unapigwa, jina la dogo halipo popote, na humu humu kuna mtu kauweka kama mfano wa singeli "iliyokua". Nilipouona ule uzi nilizima simu.

Na wewe uliyeandika kwamba wachezaji wanakata mauno kwa nusu ya biti, kwa hiyo 210 na 105 ni kitu kile kile tu. Siyo kitu kile kile. Kiuno kinaenda taratibu ndiyo, lakini mabega na miguu vinafuata zile ngoma ndogo ndogo zinazokimbia juu, ndo maana mchezaji wa singeli anaonekana kama ana watu wawili ndani yake, mmoja katulia mwingine ana wazimu. Ukitoa mbio unamtoa yule wa pili. Kacheze kwanza ndo uje kuhesabu.

Haya sasa nyie wa kundi la pili mnaojiona ndo watetezi, msianze kushangilia.

Sina ugomvi na Nyege Nyege Tapes, ile kampuni ya muziki ya Kampala inayotoa singeli nje, wala na vijana wa studio ya Sisso ya hapa Dar. Ile albamu ya Sounds of Sisso ya 2017 iliyotokea Kampala ilifungua mlango ambao hapa nyumbani hakuna aliyejisumbua kuugonga. Zikafuata albamu nyingine, ikaja Poaa ya Bamba Pana, Tatizo Pesa ya Jay Mitta, zote 2018, ikaja Uingizaji Hewa ya Duke 2019. Nimezisikiliza mpaka nazijua kama njia ya kwenda nyumbani. Na mkizisikiliza vizuri, siyo kwa kurukaruka, mtakuta ma-MC wamo humo, wanachana kama kigodoroni. Wale vijana wanajua kabisa wametoka wapi. Hata Dj Travella na albamu yake ya Mr Mixondo ya 2022, ile ni biti zaidi lakini yule dogo ni fundi, vidole vyake kwenye kibodi vinaongea, sina neno naye.

Neno langu ni na nyie mashabiki. Kuna komenti ya juzi ndo imenitoa ndani leo, mtu kaandika Kiswahili safi kabisa kwamba singeli ingefika mbali zaidi kama ma-MC wangenyamaza, wanaongea sana, wanaharibu biti, na watu wamejaa hapo chini wanamwambia umenena mkuu. Wanaharibu biti! Mzungu akiwa Berlin akiruka maneno namwelewa, hasikii Kiswahili, kwake sauti ya MC ni ngoma nyingine tu. Wewe unasikia. Unasikia kila neno, unajua mwenye nyumba wa namna ile, unamjua huyo shangazi, unajua kwa nini watu walicheka pale. Yaani umepewa muziki mzima kwa lugha ya mama yako halafu unachagua kuusikiliza kama mgeni, na unatuletea hiyo kama ndo ujuzi. Hapo mi nimeshindwa kabisa kukuelewa.

Wale wa "ilikuwa kelele za wahuni" sina muda nao, hao walisema hivyo kwa mchiriku na watasema hivyo kwa kitakachofuata.

Mnajua mwezi uliopita tulikuwa na shughuli, dada yangu mtoto wa mama mdogo anaolewa. Dj kaja na spika nzuri kuliko zote nilizowahi kuona mtaani, taa, kila kitu. Akapiga singeli. Wimbo, dakika tatu, umeisha, kimya kidogo, wimbo mwingine, dakika tatu, umeisha. Mama yangu mkubwa ana miaka sitini na kitu, kajifunga kanga kiunoni, kaingia katikati, kaanza taratibu kama wanavyoanza wakubwa, kiuno kwanza, ndo mwili umeanza kuchemka na watu wameanza kumzunguka, wimbo ukaisha. Kasimama. Mkononi ana noti ya elfu kumi kaikunja, anaangalia huku na huku anatafuta MC yuko wapi amtunze atajwe na marehemu dada yake atajwe, kwa sababu hicho ndicho kilichompandisha pale katikati. Hakuna MC. Kuna kijana mwenye hedifoni anaangalia kioo cha laptopu anatafuta wimbo unaofuata. Mama mkubwa akaifungia ile hela kwenye pindo la kanga akarudi kukaa, na hakuinuka tena usiku ule.

Sasa nyie endeleeni kubishana 130 na 210.

Mi shida yangu iliyobaki ni moja. Zamani zile rekodi za vigodoro zilikuwa zinauzwa kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, MC mmoja Dj mmoja nusu saa nzima, ndo tulikuwa tunasikiliza njiani. Vibanda vingi vimekufa, memori zimeungua, na nimezunguka Manzese na Tandale nzima sijapata hata moja ya miaka ile. Kwa hiyo mwenye rekodi ya kigodoro cha kabla ya 2012, kwenye fleshi, kwenye simu ya zamani ya batani, hata kama inakwaruza, hata kama kuna mtoto analia humo ndani, naomba aiweke hapa chini. Iweke nzima mkuu, usiikate.