Mikono ya kufuma inanishuka! Wafumaji wa Mtwara na Lindi, mnafanyaje?

BintiChikongola

Wadau, habari za jioni. Huu ni uzi wa uzi kweli, mliofuata mpira na siasa piteni kwa amani.

Mimi nafuma tangu darasa la sita. Bibi mzaa mama ndiye aliyenifundisha, pale Mikindani. Alikuwa akifuma vitambaa vya makochi na cha kufunikia redio, na ile redio ilikuwa inavaa vizuri kuliko sisi wajukuu. Kwa hiyo kazi za mezani sibabaiki nazo. Mananasi, nyota, maua ya duara, ukiagiza leo wiki ijayo unachukua.

Sasa wasichana wanataka mikono. Mikono peke yake, haijashonwa kwenye nguo yoyote. Unavaa gauni lako la kata mikono, halafu unapandisha mkono wa kufuma kutoka kwenye kifundo hadi juu ya kiwiko. Wengine ni kwa stara, wamechoka na soksi za mikono za dukani zinazopika ngozi. Wengine ni urembo tu.

Nikajifumia jozi ya majaribio kwa uzi mweupe wa pamba, ule mwembamba wa vitambaa, na kroshia yangu ndogo, kile kisindano cha ndoano. Nilivyoitandika kitandani ilipendeza mpaka nikaipiga picha. Nikaivaa kwenda harusi ya binti wa mjomba, Lindi. Basi halijafika Mingoyo, mkono wa kushoto ushafika kwenye kiwiko. Nikaupandisha. Ukumbini, wakati wa kutunza, nimeinama nitoe noti kwenye pochi, wa kulia ukateleza wote ukakaa kwenye kifundo kama soksi ya mtoto wa chekechea. Wifi yangu mmoja, ambaye hakosi neno, akasema kwa sauti: "Jamani, mkono umechoka na bado hajatunza!"

Niliporudi nikatia lastiki ya sketi kwa juu. Kwanza imekunjamana kama mdomo wa kiroba, pili iliacha alama kwenye nyama mpaka asubuhi.

Vipimo vyangu: juu ya mkono sentimita 30, kifundo 16. Nilianza na mnyororo (ule mstari wa kwanza wa vitanzi) wa sentimita 32 ili usibane, nikashuka hivyo hivyo bila kupunguza. Nimekosea wapi? Na uzi gani unafaa kwa joto letu? Nina oda ya jozi tatu, na wateja wanazitaka msimu huu huu wa korosho, maana harusi zote zimejazana hapa.

MamaWaLigula

Mwanangu, mkono si meza. Meza haipumui, haikunji kiwiko, wala haitoki jasho. Umefuma sentimita 32 kwa mkono wa 30, ulitaka kishikwe na nini?

Nguo ya kubana mwili hufumwa ndogo kuliko mwili. Toa sehemu moja ya kumi: 30 inabaki 27. Kabla hujaanza, fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa uzi ule ule na kroshia ile ile, uhesabu matundu, yaani mishono ya mstari mmoja. Najua unakiona ni kupoteza muda, hata mimi nilikuwa hivyo mpaka nilipofumua sweta zima la mjukuu. Ukipata matundu 20 katika sentimita 10, basi duara lako la juu ni matundu 54. Kifundo cha sentimita 16 ni matundu 32. Una matundu 22 ya kupunguza njiani. Punguza mawili mawili katika mizunguko 11, uitawanye, usiyaue yote kwenye kiwiko.

Halafu usianze na mnyororo. Mnyororo ukishakazwa hauvutiki, ndio maana mwingine anafuma vizuri halafu mkono haupiti. Anza na ukanda wa mbavu. Funga matundu 12 tu, fuma mshono mfupi kwenda na kurudi, lakini kila mara ingiza kroshia kwenye uzi wa nyuma wa tundu peke yake, uache wa mbele. Utaona mistari inainuka kama shingo ya sweta. Endelea hadi ukanda ufike sentimita 26, unganisha ncha uwe bangili, ndipo uokote matundu yako 54 kwenye ukingo na kuteremka. Mbavu zinavutika zenyewe, lastiki hiyo irudishe kwenye sketi.

Uzi chukua wa sweta. Unavutika kuliko pamba.

KoroshoDarajaLaPili

Nimekimbilia huku nikijua ni uzi wa mnada. Kumbe uzi wenyewe! Ila huyo wifi apewe maua yake.

MfumajiNewala

Shikamoo Mama wa Ligula. Kwenye mbavu nakuunga mkono, kwenye uzi wa sweta naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Huku kwetu juu Newala, mwezi wa saba asubuhi, huo uzi ni raha. Mtwara mjini mwezi wa kumi na moja, ndani ya ukumbi uliojaa watu? Dada wa watu atavaa jiko. Tena nyingi ni akriliki, uzi wa plastiki, ukipitisha pasi ya moto tu inalainika na kulala, haiamki tena.

Binti Chikongola, baki na pamba ila tafuta nene, na kroshia ya milimita 3.5. Ule uzi wa vitambaa na kile kisindano vinatoa kitu kigumu. Chini ya mbavu acha mzunguko mmoja wa matundu makubwa, upitishe kamba ya mnyororo uliyofuma mwenyewe, mvaaji anajifungia fundo la kipepeo kwa nje. Inashika, na ni pambo.

Jambo lingine, kama unafuata video. Wamarekani na Waingereza hawaiti mishono kwa jina moja. Singo ya Mmarekani, yaani mshono mfupi, ndiyo dabo ya Mwingereza. Mimi niliwahi kufuma mkono ukatoka mrefu wa kumtosha twiga, nikamlaumu mwalimu wa video wiki nzima. Angalia kwanza ni nani anayeongea.

FundiLindiMjini

Mimi ni fundi cherehani, kufuma namwachia mke wangu, lakini hiyo mikono tunaiuza. Mteja mwenye mkono mwembamba sana, ambaye hakuna mbavu zitakazomshika, tunamuunganishia mikono miwili kwa kipande cha kupita mgongoni. Inakuwa kama koti lisilo na kifua, haina pa kushukia. Na wale wa stara, usihangaike kuziba matundu mpaka kazi iwe nzito. Tia bitana nyepesi ya kuvutika, rangi ile ile ya uzi.

BintiChikongola

Nimerudi na majibu, samahani nilipotea.

Nimemfuata Mama wa Ligula kwenye hesabu na Newala kwenye uzi. Kipande cha majaribio kilinipa matundu 19, sio 20, kwa hiyo nilianza na 51. Kwa kunyoosha mkono mbavu hazikuteleza hata kidogo. Nikazipa mtihani wa kweli: nimekuna nazi mbili, nimefua, nimepanda bodaboda hadi Shangani na kurudi na upepo wote ule wa baharini. Upande wa kulia ulishuka kidole kimoja tu, na hapo ni kwa sababu kamba niliifunga ovyo.

Kosa jipya ni langu. Niliufua mkono mmoja nikauanika kwenye kamba kama kanga. Pamba ikilowa ni nzito, ikajivuta yenyewe, sasa mmoja ni mrefu kuliko mwenzake kwa sentimita tatu. Nimeulowesha tena, nikaulaza kwenye mkeka kivulini na kuusukuma kwa vidole urudi kipimo chake. Umerudi karibu wote. Wateja nitawaandikia kwenye karatasi: usianike kwa kuning'iniza.

Pindo la kifundoni nimeweka makombe, mishono mirefu mitano katika tundu moja, ruka mawili, bana, ruka mawili. Bibi alikuwa akiyaweka kwenye kitambaa cha redio.

Mteja mmoja ameuliza kwa nini alipe pesa ya gauni kwa nguo isiyo na kiwiliwili. Nimemwambia alete uzi wake na siku nne zake, nitamfundisha bure. Ametuma hela ya kutangulizia usiku ule ule. Fundi wa Lindi, ile bitana ya kuvutika unanunua kwa mita au kwa kilo?