Tupeane uzoefu: uliyepeleka malalamiko kwa ombudsman, yaliishia wapi?

Mtoto wa Mstaafu: Wakuu, salaam. Naanza mimi. Mafao ya marehemu baba yalikwama kwenye taasisi moja ya umma, jina naliweka kando. Kila nikifika dirishani jibu ni lile lile: "Faili liko kwa mkubwa." Nikaenda kwa ombudsman, yaani ofisi huru inayochunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya taasisi za umma. Nilikuwa na maneno mengi, wao wakataka machache: uliomba nini, lini, nani alikujibu, na unataka kifanyike nini. Pia nakala ya barua yangu yenye muhuri wa kupokelewa. Wakaiandikia taasisi ijieleze na kuipa tarehe ya mwisho ya kujibu. Kumbe faili halikuwa kwa mkubwa wala kwa mdogo, lilikuwa limelala masijala likisubiri hati moja ambayo hakuna aliyewahi kutuambia tuilete. Tukaileta, mama akalipwa. Huduma yenyewe bure. Haya, semeni nanyi.

Kalamu Kavu: Hongera mkuu. Langu hawakulipokea. Lilikuwa la kiwanja na tayari lilikuwa mahakamani, wakaniambia jambo lililo mbele ya hakimu hawaligusi. Iliniuma, maana kesi yenyewe ilikuwa inapigwa kalenda tu.

Mama Masijala: Wanangu, mimi nilikuwa upande wa pili. Kabla sijastaafu, kazi yangu ilikuwa kuandaa majibu ya barua hizo. Barua ya ombudsman haiji dirishani, inakwenda moja kwa moja kwa mkuu wa taasisi. Inarudi chini imeandikwa pembeni kwa wino "Nipate maelezo leo", na hapo kila mtu anakumbuka faili lilipo. Wachunguzi wakitaka, wanaomba faili lote, madokezo ya ndani yakiwemo. Nimeona dokezo moja limezunguka meza nne, kila mmoja ameandika "kwa hatua zako" na hakuna aliyechukua hatua. Hilo peke yake lilitosha kutushinda.

Ila mjue, hawakai kama rufaa ya kila uamuzi msioupenda. Wanatazama mlivyotendewa: mmecheleweshwa, mmenyimwa sababu, mmebaguliwa, utaratibu umerukwa. Mtu akinyimwa leseni kwa kufuata sheria, na sababu kapewa, hapo hawana la kufanya. Na jamani, kurasa za hasira zisizo na tarehe hata moja zinamchosha mchunguzi bure.

Sina Imani: Shikamoo mama. Sasa meno yako wapi? Mimi walinipa haki, wakaandika taasisi iniombe radhi na inilipe hasara. Taasisi ikapiga kimya. Mpaka leo.

Mama Masijala: Marahaba. Sehemu nyingi uwezo wao unaishia kwenye mapendekezo. Sweden, walioanza tangu 1809, ombudsman wao anaweza hata kumshtaki ofisa mahakamani. Wengine wakikaidiwa wanapeleka taarifa bungeni, basi, na mkuu wa taasisi anaogopa kuulizwa kule kuliko anavyokuogopa wewe. Waandikie tena ukieleza kwamba pendekezo halijatekelezwa, uwaombe waliingize kwenye taarifa yao. Kama sheria ya kwenu inaruhusu mahakama kupitia ukaidi huo, tafuta wakili.

Sina Imani: Nitawaandikia. Imani bado sina.

Mgeni Jamvini: Mimi wamenirudisha, eti nianze na dawati la malalamiko la taasisi yenyewe. Si ndio hao hao walionitukana?

Mtoto wa Mstaafu: Ndio utaratibu, ndugu. Hata mimi waliniuliza kwanza kama nilishalalamika kule. Peleka kwa maandishi, gongesha muhuri kwenye nakala yako. Wasipojibu, rudi na nakala hiyo, hawatakurudisha tena kwa sababu hiyo. Usikae sana tu, kuna ukomo wa muda, na sehemu nyingi ni mwaka mmoja.