Refa wa 1985 aliwapora Cardinals ubingwa mchana kweupe (japo mechi ilikuwa usiku)

Wakuu salaam, mods naombeni msiufute huu uzi, najua humu wengi ni Simba na Yanga ila leo niacheni nitoe la rohoni. Nimekesha naangalia YouTube mechi ya 6 ya World Series (fainali ya besiboli ya Marekani) ya tarehe 26 Oktoba 1985, Kansas City Royals na St. Louis Cardinals, na mpaka saa hizi nimeshindwa kulala kwa hasira za kitu cha miaka 40 iliyopita.

Kwa wasiojua besiboli, fainali ni mechi 7, ukishinda 4 kombe lako. Cardinals wana 3, wenzao 2. Mechi imebana balaa, sifuri sifuri mpaka raundi ya 8 ndo Brian Harper akapiga mpira ukaleta pointi moja. Raundi ya 9, ya mwisho, Royals ndo wanapiga, Cardinals wanatakiwa kutoa watu watatu tu waanze kumwagiana shampeni. Watatu!!

Wa kwanza Jorge Orta. Kapiga kampira kadhaifu ka chini, Jack Clark wa Cardinals kakadaka, kamrushia mwenzake Todd Worrell aliyekimbilia besi ya kwanza (kituo ambacho mpigaji lazima akifikie kabla ya mpira), mpira umo kwenye glavu, mguu upo juu ya besi, Orta bado hajafika. Huyo ni auti, yaani katolewa, hata kwa bibi yangu asiyeona vizuri. Refa Don Denkinger anatanua mikono, eti salama. Yaani nilirudisha nyuma mara kumi nikidhani simu inanidanganya.

Utetezi wake sasa. Refa wa besi anatazama mguu huku akisikiliza mlio wa mpira ukiingia kwenye glavu, akasema kelele za uwanja zilizidi hakuusikia. Haya, tumemwelewa, ni binadamu, na baadae alikiri alikosea, na wale waliomtumia vitisho vya kumuua walikuwa wapuuzi. Mi hasira zangu haziko kwake sana. Fainali ina marefa SITA uwanjani, sita jamani, kocha Whitey Herzog katoka analalamika, wanaoangalia TV majumbani wanarudishiwa lile tukio wanaona kabisa, na hakuna hata mmoja wa wale watano aliyesema tusubiri kidogo tuongee. Kanuni ya kurudia maamuzi ya namna ile kwa video imekuja 2014. Miaka 29 mnasubiri nini?

Basi ikaisha Royals 2, Cardinals 1, aliyewaua Dane Iorg, mtu aliyebeba kombe na Cardinals haohao 1982. Kesho yake mechi ya 7 nani yuko nyuma ya mpigaji anaamua kila mpira? Denkinger!! Eti ndo zamu yake kwenye mzunguko. Hivi mzunguko ni msahafu? Cardinals walishapasuka vichwa, Joaquín Andújar katolewa nje, Herzog naye katolewa, Royals wakashinda 11-0 na kombe likawa lao.

Na kuna wajuaji watakuja hapa kusema Clark alishindwa kuudaka mpira wa juu wa Balboni wa Royals karibu na benchi, ambao angeudaka ingekuwa auti, najua, nimeuona, nilimtukana na yeye. Wengine watasema Orta mwenyewe hakufunga, alitolewa besi ya tatu pale mwenzake Sundberg alipogusa ule mpira wa kujitoa mhanga (unaugusa kidogo tu, wewe utolewe ili mwenzako asogee besi ya mbele). Sasa tumieni akili, Sundberg angejitoa mhanga kwa ajili ya nani kama Orta angekuwa ameshakaa benchi toka mwanzo anakunywa maji? Kila kilichofuata kilitoka kwenye ile mikono miwili. Anayebisha aangalie kwanza hiyo video, dakika moja tu, halafu arudi hapa.