Krismasi Nyumbani Ndanda (kikundi cha familia)

*14 Desemba*

Dada Vero, 13:05
Tumsifu Yesu Kristo wanafamilia. Natumaini misa mmesali salama. Narudi kwenye lile la paja la nguruwe la Krismasi. Waliochanga mpaka sasa ni Agatha na Baba Mdogo tu. Mwaka huu nataka tule paja la asali na karafuu kama alilokuwa anapika Mama, siyo kitimoto cha kukaanga ambacho tunakula siku zote. Nyama ya kuloweka haingoji mtu. Inaingia kwenye maji ya chumvi tarehe 18, inatoka tarehe 24 asubuhi. Tukichelewa, chumvi haifiki mfupani.

Dada Vero, 13:06
Mchango 25,000 kila nyumba.

Denis, 13:48
🙏🙏

Dada Vero, 13:50
Denis hiyo mikono ni ya amina au ya mchango?

Denis, 13:51
Ya amina kwanza dada. Korosho hatujalipwa.

Mathias, 13:53
Hahaha hizo korosho za Denis hazijawahi kulipwa kabla ya Januari

Denis, 13:53
Mathias wewe hata mche mmoja huna, nyamaza

Agatha, 14:20
Dada paja zima au nusu? Na sufuria kubwa ipo kwa nani siku hizi?

Dada Vero, 14:26
Nusu, kilo 4 na mfupa wake. Zima haliingii kwenye sufuria yoyote tuliyonayo. Nimeshaongea na mfugaji wa Mwena, anachinja tarehe 17. Nimemwambia bila muhuri wa afisa mifugo sichukui.

Baba Mdogo Dar, 15:02
Vero, huku supamaketi yapo yaliyo tayari. Ninunue moja nije nalo kwenye basi?

Dada Vero, 15:07
Shikamoo Baba Mdogo. Asante sana, ila hapana. Kutwa nzima kwenye basi na joto la Desemba, litafika limeshaharibika. Na la dukani halina mkono wa mtu wetu. Daftari la Mama ninalo mimi, ukurasa wa paja upo.

Mathias, 15:10
Utuwekee huo ukurasa basi

Dada Vero, 15:31
Nimeandika kwa maneno yangu, mwandiko wake umefifia. Maji lita 4, chumvi gramu 300, sukari guru gramu 150, pilipili manga, kitunguu saumu, karafuu chache. Chemsha, acha yapoe KABISA, yawe ya baridi ndipo nyama iingie. Chukua bomba jipya la sindano, vuta maji hayo uchome kuzunguka mfupa, maana nyama huanzia kuoza pale. Iko chini ya maji muda wote, juu unaweka sahani iikandamize.

Dada Vero, 15:38
Tarehe 24 unaitoa, unailaza kwenye maji safi ya baridi masaa mawili matatu ipunguze ukali wa chumvi. Halafu unaichemsha taratibu, maji yasitokote kwa fujo, dakika 45 kwa kila kilo. Ngozi unaichuna ikiwa bado moto, mafuta unayaacha. Hayo mafuta unayachanja mistari ya kwenda na ya kukatiza, kila makutano unachomeka karafuu moja. Asali, sukari guru iliyoyeyushwa, haradali vijiko viwili, juisi ya nanasi: unapaka, unaweka moto juu na chini kama wa keki, baada ya dakika kumi unapaka tena, mpaka ing'ae. ASALI ISIPAKWE MAPEMA. Sukari itaungua iwe chungu na paja halijapata rangi.

Agatha, 15:40
Nimesikia harufu hapahapa 😭 Mama jamani

Mathias, 15:44
Litakuwa la pinki kama la hotelini?

Dada Vero, 15:47
Hapana. Ile pinki inaletwa na chumvi maalumu yenye naitraiti na sisi hatuna. La kwetu litakuwa la kijivu kidogo. Utamu uko palepale.

Denis, 15:49
Mimi langu lisiive sana, libaki na damu damu

Dada Vero, 15:52
Denis, nguruwe haliwi hivyo. Kuna tegu. Mnyoo ukikaa tumboni mwa mtu unatoa mayai, na mayai hayo yakirudi mdomoni kwa mikono michafu yanaweza kufika ubongoni yakaleta kifafa. Nguruwe anaiva mpaka ndani au hapikwi kabisa.

Denis, 15:53
Basi dada nitakula wali

Mathias, 15:53
Atakula wali na korosho zisizolipwa

Baba Mdogo Dar, 15:58
😂😂😂

Dada Vero, 16:01
Ndugu zangu, mchango.

*15 Desemba*

Mathias, 07:15
Dada nimelala nikiwaza. Hiyo ndoo itakaa wapi siku zote hizo? Joto hili la Ndanda hata maziwa hayafiki jioni.

Dada Vero, 07:22
Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Inatakiwa ubaridi wa nyuzi 4, usizidi, na isigande pia maana nyama iliyoganda haivuti chumvi. Friji langu ndoo haiingii.

Mathias, 07:24
Si kuna friza ya Mama

Agatha, 07:30
Mathias jamani

Mama Neema, 09:12
Nilijua tu tutafika hapa.

Mama Neema, 09:14
Friza niliichukua siku ya arobaini mbele ya watu wote. Ilikuwa imekufa mashine, nimeitengeneza kwa hela yangu. Leo ndiyo mnaikumbuka kwa sababu ya nguruwe?

Mathias, 09:20
Mbele ya watu gani? Mimi nilikuwa makaburini na mafundi

Mama Neema, 09:21
*Ujumbe huu umefutwa*

Mathias, 09:22
Nimeshausoma Rozi

Denis, 09:25
Nguruwe wa Mwena akisoma haya anakufa kwa presha kabla ya tarehe 17

Dada Vero, 09:31
Denis tafadhali. Rozi mdogo wangu, hakuna aliyesema uirudishe. Nauliza tu, unaweza kuacha nafasi ya ndoo moja? Mimi nitaileta Mtwara mwenyewe na kuja kuichukua.

Mama Neema, 10:40
Ina samaki na barafu za biashara. Huu ndio msimu wangu. Kila mtu anajua nasomesha peke yangu.

Baba Mdogo Dar, 12:15
Wanangu, taratibu.

Mathias, 12:18
Na kile cherehani je?

Agatha, 12:19
Mathias!!

Mjomba Benedikti, 19:47
NIMESOMA YOTE. SIMU YANGU HERUFI NI KUBWA HIZI HIZI MNISAMEHE.

Mjomba Benedikti, 19:58
MAMBO YA FRIZA NA CHEREHANI HAYASEMWI KWENYE SIMU. NIKIFIKA TUTAKAA CHINI YA MWEMBE, KILA MTU ASEME, MIMI NDIYE MJOMBA WENU. LA PILI. VERONIKA, PAJA HILO LISIPIKWE JIKONI KWA DADA YANGU. HASHIMU ALIPOKUJA KUMWOA AGATHA, DADA YANGU ALIMWAMBIA MAMA YAKE HASHIMU KWA MDOMO WAKE KWAMBA SUFURIA NA SAHANI ZA NYUMBA ILE MKWE ATAKULA BILA KUULIZA. PAJA ALILIPIKIA UANI KWA MAREHEMU BABA YENU MKUBWA, SUFURIA YAKE ILIBAKI HUKO HUKO. WATOTO MLIKUWA MNALIONA LIKIWA SAHANI ZA HUKO TU. NENO LA MAREHEMU HALIVUNJWI KWA SABABU YA SIKUKUU.

Agatha, 20:01
Shikamoo Mjomba. Asante.

Dada Vero, 20:20
Shikamoo Mjomba. Nimekusikia. Hilo kwenye daftari hakuliandika. Haliingii jikoni kwa Mama.

Mjomba Benedikti, 20:26
MARAHABA.

*16 Desemba*

Shemeji Hashimu, 05:50
Shikamoo Mjomba. Habari za asubuhi wote. Mjomba umenikumbusha mama yangu, Mungu amrehemu. Dada Vero, mimi Lindi napata barafu ya samaki kila alfajiri. Ya kwenye mifuko nitaitoa kila siku kwa basi la asubuhi mpaka Ndanda, wewe uipokee stendi. Ila boksi la kuwekea mtafute lenu, hayo yangu ni ya samaki na yatabaki ya samaki.

Dada Vero, 05:58
Shemeji Mungu akubariki sana. Barafu ikizunguka ndoo na kubadilishwa asubuhi na jioni, naweza kuulinda ubaridi. Nitaazima kipimajoto niwe na uhakika.

Denis, 08:10
Shemeji na pweza umtie humo kidogo

Shemeji Hashimu, 08:12
Pweza yupo, nanyi mnijie na kuku. Nitamchinja mwenyewe.

Dada Vero, 08:15
Sasa tupange. 1. Nani ana boksi kubwa la barafu? 2. Uani kwa Baba Mkubwa kule anakaa nani sasa, nikaombe? 3. Karafuu na haradali nani ananunua Mtwara mjini?

Baba Mdogo Dar, 11:30
Kule yupo mpangaji. Sina uhakika kama atakubali.

Mathias, 11:34
Boksi la msibani lile jekundu liko wapi?

Agatha, 11:35
Tusianze tena

Dada Vero, 14:02
Kesho saa 12 asubuhi niko Mwena na hela iliyopo. Ikitosha kilo 3, tutakula kilo 3. Boksi bado. Mpangaji nitamfuata leo jioni. Denis?

Dada Vero, 14:02
Denis nakuona uko hewani.

Mama Neema, 16:45
Karafuu na haradali nitanunua mimi. La friza nipigie Vero, siandiki humu.

Dada Vero, 16:46
Napiga sasa hivi.

Shangazi Kristina, 21:18
Jamani simu ilikuwa haina bando tangu Ijumaa. Hiyo 25,000 natuma namba gani?

Dada Vero, 21:20
Shikamoo Shangazi. Ileile ya Agatha, hakikisha limetokea jina lake.